Kizio cha Ishirini na Tano

Mwezi uliopita wenzangu wa sekondari, wale waliobaki, walinipigia simu kunijulisha kwamba Mwalimu Nkwabi amefariki, na kwamba wamekubaliana mimi ndiye nisome neno la wanafunzi kanisani. "Wewe ndiye ulikuwa mtoto wake, Vero," alisema aliyepiga, na nyuma yake nikasikia watu wakipanga habari za turubai na sufuria za kuazima. Nikamwambia koo linaniuma wiki nzima, sauti haitoki. Ulikuwa uongo, na niliusema kwa sauti iliyotoka vizuri kabisa. Yule mwenzangu, kwa heshima, akanipa pole. Nimefundisha hisabati maisha yangu yote ya kazi, na msingi wa kila nilichofundisha alinipa mwalimu huyo. Nisingeweza kusimama mbele ya jeneza lake nikamsifu nusu, na nusu ya pili nikaimeza. Ndiyo maana nimekaa hapa kwetu Masumbwe, kwenye meza ya chumba cha mbele, nikaamua kuuandika ule mwaka mmoja niliokuwa kidato cha tatu Shinyanga, bila kuruka kitu.

Ulikuwa mwaka wa ukame, katikati ya miaka ya sabini. Shuleni tulikula ugali wa unga wa njano ulioletwa kwa magunia kutoka nje, ugali uliokuwa na harufu ya gunia lenyewe hata ukiula wa moto, na maharage yaliyotobolewa na fukusi. Bwalo letu lilikuwa refu, lina madirisha ya wavu, na mbao za meza zilikuwa zimelowa mchuzi wa miaka mingi hata zikawa laini ukizikwaruza kwa kucha. Nilikaa kando ya Felista, msichana wa Rwamgasa, enzi hizo wakulima wa pamba na muhogo wakiwa bado ndio wengi kule. Felista alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kuchekesha bila yeye kucheka. Akiona fukusi anaelea kwenye bakuli alinigusa kiwiko: "Vero, leo nyama ipo." Siku nyingine alimwinua kwa ncha ya kijiko akasema, "Huyu ni wa jana, namfahamu." Tulicheka, na tuliendelea kula, maana hapakuwa na kingine. Lakini nyuma ya bwalo, kwenye stoo, tulikuwa tukiona magunia ya mchele na maharage mazuri yakiingia mchana, na wiki ikiisha hayapo, wala hatukuyaonja. Hatukujua yanakwenda wapi. Tulijua tu kwamba aliyeuliza aliitwa ofisini.

Mwalimu Nkwabi alikuwa mwalimu wetu wa hisabati. Alikuwa kijana bado, shati lake jeupe siku zote limepigwa pasi, chaki ameichomeka nyuma ya sikio kama fundi seremala anavyochomeka penseli. Siku aliyotufundisha vizio sijaisahau. Aliandika 13 ubaoni akauliza ni ngapi. Tukamjibu kumi na tatu. "Nani kawaambia?" akauliza. Akatueleza kwamba tunahesabu kwa makumi kwa sababu ya mazoea ya vidole tu. Mtu angeamua kuhesabu kwa matano, 13 hiyo hiyo ingekuwa nane, na idadi ya vitu vilivyoko mezani isingebadilika hata kidogo. Inabadilika namna ya kuiandika. Nilihisi kitu kinafunguka kichwani. Nikanyoosha mkono: "Mwalimu, kizio kinaweza kuzidi kumi?" Akanigeukia. "Kinaweza kuwa chochote utakacho. Ila utaishiwa tarakimu, itabidi utafute alama nyingine." "Herufi?" "Hata herufi," akasema, akatabasamu, na mimi siku ile nikatoka darasani kama mtu aliyepewa zawadi.

Mimi na Felista tuliifanyia kazi ile zawadi wiki ile ile. Alfabeti yetu, ukiihesabu ch kuwa moja, ina herufi ishirini na nne. Tuliipa kila herufi namba yake: a moja, b mbili, ch tatu, hadi z ishirini na nne, na sifuri tukaiacha iwe nafasi kati ya neno na neno. Alama ishirini na tano. Mwanzoni nilikuwa nimeifanya a kuwa sifuri, na Felista alikaa chini kwa kicheko alipoona jina la Anna linarudi likiwa "nna", kwa sababu sifuri ya mbele haina uzito, inapotea. Tulipolirekebisha hilo, kila sentensi ikawa namba moja. Neno mama lilikuwa 204,076. Kulisoma, unaigawa kwa ishirini na tano na kutazama baki: inabaki moja, hiyo ni a. Jibu unaligawa tena, inabaki kumi na tatu, hiyo ni m. Herufi zinatoka kinyumenyume, ya mwisho kwanza. Nikagundua baadaye kwamba hata kugawa si lazima: tarakimu mbili za mwisho zinakupa baki, unaiondoa, unazidisha kwa nne, unafuta sifuri mbili. Sentensi nzima ilitoa namba ya tarakimu arobaini au zaidi, ikikata ukurasa kutoka pambizo hadi pambizo, na kiranja aliyekagua madaftari aliona hesabu tu. Barua zetu zote zilifunguliwa ofisini, vikaratasi vilinyang'anywa, lakini hakuna aliyewahi kumwadhibu msichana kwa kufanya hesabu.

Namba zile ndefu zilikuwa zinachosha, na kosa moja katikati liliharibu kila kilichofuata. Nikapata njia. Badala ya kuikokota namba yote herufi kwa herufi, tuliigawa mara moja tu kwa namba moja kubwa, ishirini na tano iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe mara kumi na tano, ambayo nilikuwa nimeikokotoa na kuiandika ndani ya jalada la daftari. Jibu lilikuwa nusu ya kwanza ya sentensi, baki ilikuwa nusu ya pili. Felista alichukua nusu yake, mimi yangu, tukakaa chini ya dirisha la maabara kila mmoja akifumua upande wake, kisha tukaunganisha. Ilitubidi tukumbuke kitu kimoja: nusu ya pili ikitoka fupi, lazima uijaze sifuri mbele itimie herufi kumi na tano, la sivyo maneno yanagongana. Hakuna aliyetufundisha hilo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba na niliamini ni mimi wa kwanza duniani kuliona.

Mwalimu Nkwabi aliyaona madaftari yetu wakati wa kusahihisha. Aliniita baada ya kipindi, akaweka kidole kwenye namba moja. "Veronika, hii ni hesabu gani? Haina swali wala jibu." Nikamwambia ni mchezo. Hakukasirika. Alikaa juu ya dawati akaniomba nimweleze, na nilipofika kwenye kukata namba katikati alishusha chaki sikioni akaandika mwenyewe. "Hili umelitoa wapi?" "Nimelifikiria, Mwalimu." Akasema kutakuwa na mashindano ya hisabati ya shule za mkoa, na kwamba kuanzia Jumamosi ile niwe nakwenda nyumbani kwake anifundishe. Nilikwenda Jumamosi nne. Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili na sebule, kwenye safu ya nyumba za walimu, ina kalenda ukutani na viti vyenye vitambaa vilivyofumwa na mkewe, Mama Kulwa. Mama Kulwa alinipokea kwa salamu ya Kisukuma, "Mwadila," nikaitikia "Mwadila, mama," na kabla sijafungua daftari alishaniwekea michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga, na kikombe cha maziwa ya mgando. Nilikula taratibu ili isiishe. Mwalimu alikuwa akinisubiri nimalize, kisha ananiambia, "Haya, nioneshe tena ile ya sentensi ndefu. Kama mtu ameandika bila kukuambia amekata wapi, unaanzaje?" Nilimwonesha. Nilifurahi kuulizwa. Alinakili kila hatua kwenye daftari lake dogo la kijani, na mara mbili alinisahihishia makosa ya kuzidisha kwa upole ambao sikuwahi kuupata kwa mtu mzima yeyote.

Sikumwambia kuhusu mpango. Hilo naweza kuliapia. Mpango ulikuwa wa Felista, nami niliukubali kwa moyo wote: Afisa Elimu alikuwa anakuja kutembelea shule Jumanne, na akiingia bwaloni wasichana wote tungeinuka, kila mmoja akaweka bakuli lake sakafuni na kurudi nyuma hatua moja, bila neno, ili aone mwenyewe tunachokula. Tuliwafundisha wasichana wanne tu, mmoja kila bweni, kusoma namba. Felista ndiye aliyeandika namba ya mwisho, kwa mwandiko wake wa kulala, nyuma ya zoezi la maumbo. Ijumaa madaftari yakaenda kusahihishwa kama kawaida.

Jumatatu asubuhi tukapangwa mstarini. Mkuu wa shule, mama mmoja mnene mwenye miwani, alipanda ngazi akiwa na karatasi. Alisoma polepole: "Afisa akiingia, bakuli chini wote." Akarudia. Kisha akaita jina moja: "Felista." Ni wasichana sita tu walioweza kuisoma namba ile, na wanne kati yao waligeuka kunitazama mimi. Nilitazama miguu yangu, halafu nikamtafuta Mwalimu Nkwabi kwenye mstari wa walimu, kwa kuwa nilidhani ataingilia. Alikuwa akitazama bendera. Kufikia saa nne Felista alikuwa ameshafunga sanduku lake la bati. Nilimkuta kwenye ngazi za bweni, matroni akimsubiri kumpeleka stesheni kupanda treni ya Mwanza, ambako angevuka maji kwenda Geita. Alikuwa hajalia. Mimi ndiye niliyekuwa nalia. "Nani kawapa, Vero?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa. "Maana ni sisi sita." "Sijui, Felista. Haki ya Mungu sijui." Alinitazama kama anayetafuta baki ya hesabu ngumu, kisha matroni akasema twende, naye akabeba sanduku kichwani.

Jumanne Afisa alikuja, akala pilau ofisini, akaondoka. Bwenini godoro langu lilimwagiwa maji, na nikipita waliacha kuzungumza. Nilivumilia hadi Jumamosi. Nilikuwa na mtu wa kumkimbilia. Nilikwenda kwa Mwalimu Nkwabi nikiwa nimepanga maneno: nitamwomba amwombee Felista arudi, nitamweleza habari za stoo, yeye ni mtu wa haki, atasikia. Nilipitia uani, kwa sababu mbele palikuwa na mgeni. Mama Kulwa alikuwa anasugua sufuria kwa majivu. Akaninong'oneza niingie jikoni ningoje, akanikabidhi kitambaa nikaushe vikombe. Ukuta kati ya jiko na sebule haukufika juu. Nilisikia vijiko vya chai, nikasikia sauti ya Mkuu wa shule ikicheka. "Lakini wewe Nkwabi, uliyasomaje madude yale?" Na sauti ya mwalimu wangu, ile ile ya upole: "Alinifundisha yule wa Masumbwe mwenyewe. Jumamosi kwa Jumamosi, hapa hapa. Hakujua anafundisha nini." Wakacheka wote wawili. "Basi tungemtoa naye," akasema Mkuu. "Hapana, Mama. Yule mtoto namhitaji, atatuletea kikombe cha mkoa. Mmoja anatosha kuwa mfano."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Mama Kulwa, pale nje ya mlango wa uani, alikuwa ameacha kusugua. Alisikia nilichosikia, na nilimwona akisita, akitafuta la kusema, kisha akainama tena kwenye sufuria yake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuingia sebuleni. Nilifikiri nitaingia, miguu yangu yote ilikuwa tayari. Lakini nilikiweka kikombe juu ya vingine, nikakausha cha pili, na cha tatu, hadi vikaisha. Mgeni alipoondoka Mwalimu akaja mlangoni, akaniona, na kwa kitambo uso wake ulifanya hesabu. "Umefika muda mrefu?" "Sasa hivi, Mwalimu." "Vizuri. Tuanze." Tukaanza. Mama Kulwa akaleta michembe, nami nikaila. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine. Nilishinda mashindano yale. Kikombe kiliwekwa kwenye kabati la ofisi, na mwaka haukwisha kabla Mwalimu Nkwabi hajapandishwa kuwa makamu mkuu wa shule.

Miaka michache baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, mkufunzi alitugawia karatasi zilizochapwa kwa stensili, za semina ya walimu wa hisabati. Ukurasa wa tatu ulikuwa na njia ya kusoma namba kubwa sana kwa kuikata katikati, pamoja na onyo la kujaza sifuri kwenye nusu ya pili. Mfano ulikuwa neno mama, 204,076. Jina la mwandishi lilikuwa la Nkwabi. Wenzangu walikuwa wakilalamika kwamba ni ngumu. Niliwaeleza hatua kwa hatua, na mmoja akaniambia, "Wewe unaelewa kama uliyemsaidia kuandika."

Nilikutana naye tena katika miaka ya themanini, nikiwa mwalimu katika shule moja upande wa Geita. Alikuja kama mkaguzi. Alikuwa amenenepa, kichwa kimeanza mvi, na alipoingia darasani kwangu alifungua mikono. "Shikamoo, Mwalimu," nikasema, mdomo ukanitangulia. "Marahaba, mwanangu, marahaba!" Akawaambia wanafunzi wangu kwamba hawajui bahati waliyonayo, kwamba katika kazi yake yote hajapata kichwa kama changu. Baada ya kipindi tulikaa ofisini tukinywa soda, akaniuliza kama nimeolewa, nikamuuliza hali ya Mama Kulwa. Halafu nikasema lile nililolibeba miaka yote. "Mwalimu, unamkumbuka Felista?" Alikunja paji la uso kwa nia njema kabisa. "Felista yupi? Wamepita wengi." "Wa Rwamgasa. Wa kidato cha tatu. Aliyefukuzwa." Alifikiri, akatikisa kichwa, akanywa funda moja. "Itakuwa utovu wa nidhamu," akasema. "Enzi zile walikuwa wanatusumbua kweli." Hakuwa anajificha. Nilimtazama machoni na hapakuwa na kitu ndani. Mtu aliyeuza maisha ya mtoto wa watu, na kuninunua mimi kwa bei ile ile, alikuwa hana hata kumbukumbu ya kuuza.

Jumapili iliyofuata niliomba lifti kwenye lori nikaenda Rwamgasa. Nilikuwa nimesikia kwamba Felista yuko pale, anawapikia wachimbaji. Wakati ule dhahabu ilikuwa imeshawaita watu kutoka kila upande. Palikuwa na vibanda vya maturubai hadi macho yanapoishia, na kila mahali mlio wa vyuma, wanawake wakitwanga mawe yaliyotolewa kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia. Nilimtambua kwa urefu wake. Alikuwa kwenye banda la nyasi, kanga kiunoni, anapakua wali. Alinitazama akaendelea kupakua. "Karibu. Kuna wali na maharage." "Felista, mimi ni Vero." "Nakuona," akasema. "Kaa."

Akaniwekea chakula, maharage masafi yaliyoungwa kwa nazi ya kuletwa na lori, akakaa mbele yangu. Nilimwambia yote kwa mfululizo: Jumamosi zile, daftari la kijani, ukuta usiofika juu, mmoja anatosha kuwa mfano. Nilimwambia kwamba si mimi.

"Nilijua," akasema. "Treni haijafika Mwanza nilishajua. Madaftari yetu alikuwa nayo nani? Nikafika nyumbani. Baba alichukua sanduku langu, akatoa vitabu, akatia mbegu za pamba. Mimi nikawa naenda posta ya Geita kila nikipata nafasi, kuuliza barua yako."

"Barua zilikuwa zinasomwa, Felista. Unajua."

"Na likizo? Likizo ulikuwa kwenu Masumbwe. Huko nako alikuwepo Mkuu wa shule?"

Nilisogeza maharage kwa kijiko hadi ukingoni mwa sahani.

"Nkwabi alikuwa mwalimu," akasema, bila kupandisha sauti. "Alikuwa wa kwao, wa ofisini. Sikumtegemea kwa lolote, kwa hiyo hakunipunguzia lolote. Niliyemtegemea ni wewe." Kundi la wachimbaji lilikuwa linaingia, miguu na nyuso nyeupe kwa vumbi la mawe, wakimwita Mama Juma, wakiuliza kama nyama ipo. Akainuka, akajifunga kanga upya, akaanza kuwapangia sahani. Nilikula hadi mwisho kwa sababu sikujua la kufanya lingine. Nilipoinuka nikasimama karibu yake, nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba nitakuja tena.

"Barabara ni ya serikali," akasema Felista, akimpa mtu chumvi. "Mwenye kupita anapita."